Kila Mtu Mahali Pake

Wagonjwa wakishakaa kwenye benchi asubuhi, sisi wanawake wa kanisa tulikuwa na kazi moja kabla ya kazi zote. Tulichungulia kupitia mlango wa nyuma kuona ni nani waliokuja. Mwenzangu akiona baba wa mume wake kwenye benchi, alinigusa bega, nami nikashika nafasi yake bila kuuliza. Nikimwona mjomba wa mume wangu, nilimgusa yeye. Tulibadilishana hivyo miaka yote, kimya kimya, na kazi ikaenda.

Zahanati ilikuwa ya misheni, juu huko Manga, nasi tulitumika pale bila malipo. Tulifua bendeji, tukachemsha sindano kwenye jiko la mafuta ya taa, tukateka maji kijitoni. Zaidi ya hayo tulitafsiri. Muuguzi alikuwa mzungu, tukimwita Sista, na alikuwa amejifunza Kiswahili kizuri cha kitabuni. Kigusii kilimshinda. Wagonjwa wengi nao hawakujua Kiswahili, hasa wazee, kwa hiyo mmoja wetu alisimama katikati na kuyabeba maneno, yakienda na yakirudi. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa nimefika darasa la sita.

Sikwenda pale kwa sababu ya moyo mwema. Nilikuwa nimezika watoto wawili, na yule wa pili alifia katika chumba kile kile. Wanawake wa kanisa ndio waliomwosha na kumfunga shuka, kisha mmoja wao akanibebea mwili hadi nyumbani. Nilimwambia Mungu kwamba kama hataki nilee wangu, basi nitahudumia wake. Hayo ndiyo yaliyokuwa maombi yangu, na nilienda kila Jumatano na kila Ijumaa. Mashemeji walipoanza kumwambia mume wangu kwamba atafute mwanamke mwingine wa kumzalia, baba yao aliwakataza. Sikuwapo, niliambiwa na mama mkwe. Mzee alisema, "Mwacheni. Anafanya kazi ya Mungu." Kwetu baba mkwe hakai na mke wa mwanawe wakaongea. Hiyo ndiyo sentensi niliyopewa naye katika maisha yetu yote, na nilipewa kupitia mdomo wa mtu mwingine.

Sharti nieleze jambo hili, kwa maana vijana wa leo wanalicheka. Tuna heshima tunayoiita chinsoni. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe. Mke wa mwana hagusi kitanda cha mzee wala kukalia kiti chake, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao hata kwa mafumbo. Wakikutana njiani penye wembamba, mwanamke hujitenga kando. Mmoja akiuona uchi wa mwingine, hata kwa bahati mbaya, wote wawili wamechafuka, na hawawezi kuishi katika boma moja mpaka mbuzi achinjwe. Kanisa letu lilikataza mbuzi huyo. Hivyo sisi Wasabato tulibaki na aibu nzima, ila dawa yake tulikuwa tumeiacha.

Sista hakujua habari hii. Hatukuwahi kumwambia, na sioni ni nani angemwambia, kwa sababu kulieleza jambo lenyewe ni kulitaja. Alichoona yeye ni wanawake wanaohamahama. Alidhani tunachagua wagonjwa, kwamba tunakimbia wazee wenye harufu. Siku moja alitusimamisha sote mbele ya kabati la dawa na kutuambia kwamba Bwana hakuchagua wakoma wa kuwagusa. Kuanzia siku ile kila mtu atakaa mahali pake: mmoja kwenye sindano, mmoja kwenye vidonda, mimi kwenye meza ya kutafsiri. Atakayehama aende nyumbani asirudi. Tulisema ndiyo, Sista.

Tulipotoka nje mwenzangu mmoja alicheka. "Basi tumwombe Mungu wakwe zetu wawe na afya." Sote tukacheka naye.

Baba mkwe alikuja Ijumaa. Kwa kawaida wazee walihudumiwa na dresa, mwanamume wa kwetu aliyefundishwa na misheni kufunga vidonda na kuingiza mipira ya mkojo. Siku hiyo dresa alikuwa amekwenda Kisii mjini kuchukua dawa, na ilijulikana angerudi Jumatatu. Mzee hakujua. Nilimwona kwenye benchi kupitia mlango, amejifunga blanketi, ameshika fimbo kwa mikono yote miwili, na paji lake la uso linatoka jasho ingawa kulikuwa na ukungu. Nilikuwa nimesikia kwa mama mkwe kwamba baba anashinda kwenye migomba. Hakusema zaidi, nami sikuuliza, lakini mwanamke mzima anajua mzee anatafuta nini kwenye migomba na harudi.

Nilimgusa bega mwenzangu wa sindano. Akatikisa kichwa bila kunitazama. Alikuwa na watoto wanne na alitaka wawe na mahali pa kutibiwa.

Mzee alipoingia akanikuta mezani. Aligeuka upande, kama inavyotakiwa, akaongea na ukuta. "Mwambie ni tumbo."

Nikamwambia Sista ni tumbo. Alimlaza kitandani, akabonyeza, na hapo chini ya kitovu mkono wake ukasimama. Alikuwa muuguzi mzuri, sitamwondolea hilo. Alijua mara moja. Aliniambia nimuulize mzee mara ya mwisho alikojoa lini.

Nilisema, "Sista, nikuombe. Yuko mlinzi nje pale langoni, anajua Kiswahili. Nimwite aulize yeye."

"Mlinzi ana kazi yake. Muulize wewe."

"Sista, huyu ni baba wa mume wangu."

"Vizuri. Basi utamtunza vizuri zaidi."

Nilisema tena kwamba kwetu haiwezekani. Akaniambia kwamba ndani ya chumba kile hakuna baba wa mume wala mke wa mwana, wote ni watoto wa Baba mmoja. Alisema kwa upole. Ukali wenyewe ulikuwa katika upole ule, kwa sababu hakukuwa na mahali pa kuushika ukajibu. Nyuma yake, kwenye sahani ya bati, mpira wa mkojo ulikuwa umeshachemshwa, unatoa mvuke.

Nilijaribu. Niligeukia dirisha nikasema kwa Kigusii kwamba mgeni anauliza kama baba anatoka nje vizuri. Mzee hakujibu. Nikarudia. Nilisikia tu pumzi yake. Sista aliona tunamchezea, na Ijumaa ile tulipaswa kufunga mapema kwa sababu ya Sabato. Alinishika kiwiko akanigeuza, akanipa beseni nilishike chini ya kitanda, na kwa mkono wake mwingine akalifunua blanketi.

Nilifunga macho. Lakini mzee hakujua kwamba nimeyafunga, kwa sababu naye alikuwa amefunga yake.

Alishuka kitandani mwenyewe. Sijui alipata wapi nguvu. Alijikusanya, akaichukua fimbo, akatoka kupitia katikati ya watu waliokuwa kwenye benchi na blanketi linaburuta. Nilimwomba Sista nimfuate, nimtafute mwanamume yeyote wa kuzungumza naye. Akasema akitaka kupona atarudi, na kwamba sindano zilikuwa zinasubiri kuoshwa.

Jioni, tulipofunga, nilimkuta bado yuko njiani. Alikuwa amefika kwenye mikaratusi tu. Njia pale ni nyembamba, upande mmoja ukingo na upande mwingine mteremko, na singeweza kumpita. Nilikaa juu ya jiwe nyuma yake. Alitembea kidogo, akasimama, akauegemea mti, akatoa sauti kama ya ng'ombe anayezaa. Nami nikasimama. Alipoendelea, niliendelea. Ningeweza kumshika mkono. Alikuwa karibu nami kama mtu wa benchi la mbele kanisani. Tulifika nyumbani giza limeingia, Sabato imeanza.

Mume wangu alikuwa mwalimu katika shule ya misheni. Habari ilimfikia kabla yangu. Watu wa benchi walikuwa na miguu mizuri kuliko ya baba yake. Nilimkuta amekaa bila kuwasha taa.

"Ulimwona?"

"Nilifunga macho."

"Sikukuuliza ulifunga nini."

 Akaniambia niende nikalale jikoni.

Kesho yake kanisani, mzee wa kanisa alisimama akazungumza juu ya watu wanaoweka mila mbele ya uzima. Hakutaja jina. Alisema kuna mtu alikuja jana mpaka kwenye dawa yenyewe akaikimbia kwa ajili ya aibu za kipagani. Vichwa viligeuka kimoja kimoja mpaka nilikuwa natazamwa na kanisa zima. Mwanamke aliyeketi nyuma yangu, jirani yetu, aliinama akaninong'oneza sikioni, "Dada, elimu yako ya hospitali imekufikisha mbali. Hata chumba cha baba umehitimu." Wale waliokuwa karibu naye waliweka leso mdomoni. Kisha tukaimba.

Mzee alikuwa anadondosha matone tu ya mkojo. Tumbo lilivimba likawa kama la mjamzito. Dresa aliporudi Jumatatu nilikwenda kwake na kumweleza, na sikuficha kitu. Yeye alikuwa mtu wetu, alielewa nilipokuwa nimefika nusu. Jioni alikuja bomani, akaingia kwa mzee, akatoka akatikisa kichwa. Mpira wenyewe hakuruhusiwa kuutoa zahanati. Na mzee alikuwa amesema kwamba hatakanyaga nyumba ile iliyomvua nguo, wala hatarudi mbele za watu, mpaka amesafishwa. Mbuzi achinjwe, mimi na yeye tusimame, halafu wamchukue hata wakitaka wampasue.

Kwa hiyo jambo lilikuwa dogo. Beberu mmoja alikuwa amefungwa nyuma ya ghala. Mzee wa ukoo anayejua kazi ile alikuwa anaishi ng'ambo ya kijito. Wakati huo wote mpira ulikuwa zahanati, na dresa alikuwa tayari. Kilichobaki ni mume wangu, mwana wa kwanza, kusema neno, maana bila yeye mbuzi hachinjwi.

Hakusema. Mwalimu wa misheni aliyechinja mbuzi wa utakaso angefukuzwa shule wiki hiyo hiyo, na alijua. Mashemeji zangu wawili, ambao hawakuwa watu wa kanisa, walikuja wakasimama mlangoni petu Jumatatu ile na wakarudi Jumanne. Mdogo alikuwa na mdomo.

"Kaka, siku hizi chaki ndiyo baba yako?"

Mume wangu alisema tumwombee mzee.

"Ombea. Lakini ukifika kwa Mungu mwambie kwamba baba amefura, asije akamsahau akidhani ni mwanamke mwenye mimba."

Mkubwa hakufanya mzaha. Aliniuliza mimi, kupitia kwa mdogo wake, kama niko tayari kusimama. Mume wangu aliinuka. Aliniambia mbele yao kwamba nikisimama mbele ya mbuzi nisirudi ndani ya nyumba yake, kwa sababu nimeshamwaibisha baba na sasa nataka kumnyang'anya na kazi. Alisema pia kwamba sina mtoto wa kunifanya nibaki. Hilo alilisema kwa sauti ya chini, kama anayenikumbusha kitu nilichosahau.

Usiku wa Jumanne mzee alilia. Mwanamume mzima, aliyekamua ng'ombe wa mlowezi huko Nyansiongo ujana wake wote na kupigwa mateke nao bila kutoa sauti, alilia kama mtoto aliyeachwa shambani. Nilimsikia kutoka jikoni. Mama mkwe naye alikuja akasimama nje ya ukuta wa jikoni, hakuingia. Alisema, "Kama kuna mtu anayesikia, mimi nimechoka kusikia." Akaondoka.

Jumatano asubuhi nilikwenda kwa mashemeji nikawaambia niko tayari, na kwamba wasimngoje mwalimu. Mzee wa ukoo alisita kwanza, akasema mwana wa kwanza hayupo. Mkubwa akamjibu kwamba huyo ameshasema kwa miguu yake, amekwenda shuleni. Mbuzi alichinjwa nje ya mlango wa mzee. Walimtoa wakimshikilia kwapani, nami nikasimama upande wa pili wa mlango. Walitupaka sote wawili majani yaliyosagika tumboni mwa mbuzi, bado yana joto, wakakata ukanda wa ngozi wakanifunga mkononi, na mwingine wakamfunga yeye. Sikuomba kwa Mungu wakati ule, wala sikuhisi kwamba amenigeuzia mgongo. Nilikuwa nahesabu moyoni mwendo wa kutoka pale mpaka zahanati.

Walimbeba juu ya ngazi ya mbao. Nilikwenda nyuma yao, na ukanda uko mkononi. Mwenzangu wa sindano aliniona langoni akaniambia nivute mkono wa gauni, mzee wa kanisa yumo ndani kwa mambo ya paa. Nilikuwa na gauni la mikono mirefu. Sikuvuta. Nilikuwa nimeshafumbia macho jambo moja katika jengo lile na halikumsaidia mtu.

Dresa aliingiza mpira mbele ya mashemeji, mlango umefungwa. Nilisikia maji yakigonga beseni. Yalitoka, yakatoka, mdogo akatoka nje na beseni la kwanza, na mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, kisha la pili likawa na damu. Watu wa benchi walisema Mungu asifiwe. Mzee alilala usingizi. Sista alimpima, akabonyeza, akasema figo zimengoja mno. Alimwambia dresa, na dresa akatuambia.

Mzee wa kanisa aliniita kando ya tangi la maji. Aliutazama mkono wangu.

"Hicho ni nini?"

"Ni ngozi ya mbuzi, mzee."

"Ulilazimishwa?"

Alinipa nafasi ile makusudi, naamini. Mume wangu alikuwa amenifundisha asubuhi ile ile, kabla ya kwenda shuleni, niseme nililazimishwa, endapo nitafika huko.

"Hapana. Nilikwenda mwenyewe."

Aliniambia jina langu litasomwa Sabato na kuondolewa, na kwamba aliyeondolewa hawezi kuhudumu ndani. Nilimuuliza kama anaweza kuhudumu nje. Alisema swali hilo hajawahi kuulizwa. Akaenda zake kutazama paa.

Mzee alikufa Alhamisi mchana, wakati watu wanakula. Nilikuwa nimekaa chini ya ukuta wa nje, upande wa dirisha lake, kwa sababu ndani sikuruhusiwa na nyumbani nilikuwa nimefukuzwa. Nilisikia shemeji mkubwa akimwita baba yake mara kadhaa, halafu akaacha.

Sista alitoka akanikuta. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema kwamba dresa alimweleza kila kitu, habari za chinsoni na kubadilishana kwetu, na kwamba alisikitika. Halafu akaniuliza, "Miaka yote hiyo, kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Nilikuambia, Sista. Ijumaa."

 Akasema, "Hukuniambia hivyo." Kisha akaingia ndani.

Mazishini sikupewa mahali. Wanawake wa kanisa walikuja kuimba, wakajipanga, na niliposogea walikazana mabega pasibaki nafasi. Nikaenda upande wa wanawake wa boma waliokuwa wakilia kwa sauti. Shangazi wa mume wangu akasema wazi kwamba asiyetazama pa kutazama asije kutuonyesha machozi. Mume wangu alisoma wasifu wa baba yake kwa Kiswahili kizuri, mchungaji akamshika mkono. Hakufukuzwa shule. Alifundisha pale mpaka akapewa shule yake mwenyewe kuwa mkuu, na watoto aliowapata na mke wa pili walisoma humo.

Ila hiyo ni baadaye. Alhamisi ile, walipokwisha kumchukua mzee, mwenzangu wa sindano alitoka na shuka lake amelishika kwa ncha za vidole. Lilikuwa limeloa damu na mkojo. Jioni ilikuwa inakaribia na kesho yake ni Ijumaa, siku ya watu wengi, na shuka hazikuwa nyingi. Hakuna aliyetaka kulifua. Aliliweka chini karibu nami, akarudi mahali pake.

Shuka la baba mkwe haliguswi na mke wa mwana. Lakini mbuzi alikuwa ameshachinjwa kwa ajili yetu wawili, na mimi tu, katika watu wote wa zahanati na wa boma, ndiye niliyekuwa na ruhusa ya pande zote, kwa kuwa pande zote zilikuwa zimenitoa. Nililibeba mpaka kijitoni. Nililisugua kwa sabuni ya mche na mchanga. Damu ya mtu mzee haitoki upesi. Nilisugua mpaka ukanda wa ngozi mkononi ukalainika kwa maji na kukatika, ukaenda na mto, nami sikuukimbilia. Hapo ndipo nilipomwita mzee, mara ya kwanza na ya mwisho. Nilimwita Tata, yaani baba.

Kisha nilikamua shuka nikalianika kwenye ua wa zahanati, upande wa nje.